Theluji ya Nakapanya

Mwezi wa Desemba ufikapo Nakapanya, mvua huwa imekwisha kuanza. Majembe yako mashambani, majani machanga yametoka, na vijia vimejaa tope. Mikorosho inamaliza kutoa mazao yake, na wale waliokwisha kulipwa na vyama vyao vya msingi wana fedha mikononi. Ndipo Krismasi inapoingia. Nayo huingia imevaa theluji. Huja juu ya malori yapitayo barabara ya lami itokayo Mtwara na Masasi kwenda Tunduru na Songea, imefungwa ndani ya maboksi: mti wa plastiki wenye majani kama sindano, pamba ya kutandazwa juu yake ifanane na barafu, kadi zenye nyumba zilizofunikwa na weupe mpaka madirishani, na mzee mnene mwenye ndevu aliyejifunga koti la manyoya katika joto linalomvua mkulima shati lake.

Kugombana na maboksi hayo ni kazi bure. Mfanyabiashara huuza kinachonunuliwa, na mnunuzi ana haki ya fedha yake aliyoitolea jasho. Ugomvi uko kwa watu wengine, tena watu wema: walimu wanaowafundisha watoto kazi za mikono, akina mama wa vikundi vya kanisa, vijana wenye vipaji wasio na mtaji. Hawa wamekwisha kukata shauri kwamba zawadi ya Krismasi haifai kununuliwa tu, yafaa itengenezwe kwa mkono. Shauri hilo ni jema. Lakini mara wanapokaa kuanza kazi huulizana swali moja: mawazo yatapatikana wapi? Na jibu wanalolipata ni kufungua picha za nchi za mbali na kuziiga. Karatasi hukatwa ziwe chembe za theluji. Tawi la mpera hubandikwa pamba. Soksi kubwa hushonwa itundikwe mahali pasipo na jiko la ukutani, kwa ajili ya mtoto ambaye pengine hajapata kuvaa soksi ila siku za shule. Kazi imefanywa kwa mkono, ndiyo; lakini mkono umetumwa na jicho la kuazima. Boksi la plastiki limefukuzwa mlangoni likarudi kwa dirishani.

Swali la ilhamu hupatikana wapi lingeweza kusameheka mahali pengine. Nakapanya halisameheki, kwa sababu Nakapanya ndiko alikotoka mtu aliyelijibu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, mahali ambapo leo panaitwa Nakapanya, katika Wilaya ya Tunduru. Jina lake lenyewe ni la sikukuu mbili, Edward na Saidi, kama zilivyo nyumba nyingi za kusini ambamo Krismasi na Idi hupika katika jiko moja. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kama walivyoondoka vijana wengi, akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na baadaye akashika njia ya Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na vibarua vya kila namna. Hakusoma chuo cha sanaa. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai, akachukua vipande vya hadibodi, ubao ule wa kukandamizwa ambao watu hupigilia darini, akavikata miraba. Hakuwa na rangi za wachoraji, akanunua rangi ya mafuta ambayo mafundi hupakia baiskeli. Juu ya miraba hiyo alimweka mnyama mmoja, au ndege na mti, akaujaza ubao mpaka pembeni, akauza kando ya maduka ya Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Kazi yake yote ilikuwa ya miaka minne tu, na jina lake leo ni jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana duniani.

Wachunguzi wa sanaa hiyo hawapatani juu ya asili yake. Wengine huitaja michoro ya kuta za nyumba za Wamakua. Wengine huzitaja picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam wakati huo. Na iwe ni kweli kwamba aliziona picha za Wakongo. Kuona si dhambi. Aliloliona ni kwamba mtu mweusi asiye na shule ya sanaa aweza kuchora na kula kwa kazi hiyo. Hakwenda tena kuwachora watu na mito ya Kongo. Alichukua ujasiri, akaacha sura. Hapo ndipo yalipo maana yote ya ilhamu, na hapo ndipo wanapokosea wale wakatao karatasi za theluji: wao huchukua sura na kuacha ujasiri.

Sasa yuko mtu atakayesimama na kusema: basi jawabu limepatikana, watoto wa Nakapanya na wachore Tingatinga, wayapake rangi mapambo ya Krismasi kwa mtindo wake, wauze. Shauri hilo lina sura ya uzalendo, na kwa hiyo ni la hatari kuliko lile la theluji. Tangu mwalimu huyo afe, wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wameendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika huko Dar es Salaam. Miongoni mwao wamo mafundi wenye macho yao wenyewe, na heshima yao haiguswi hapa. Lakini nyuma yao umefuata msururu wa mikono inayonakili kwa maelfu: masinia, vikombe, mabangili, kadi, na mwisho mapambo ya Noeli, ambamo si ajabu kumkuta twiga amevikwa kofia nyekundu ya yule mzee wa barafu. Twiga wa porini, msomaji na akumbuke, hapatikani kusini ya Mto Rufiji. Mtoto wa Nakapanya anayechora twiga mwenye kofia amechora vitu viwili asivyopata kuviona, akadhani ameichora nchi yake. Tembo aliyekula mahindi ya shangazi yake mwaka jana hajachorwa. Wala hawajachorwa kima wanaopigana juu ya mabibo, wala jogoo anayekimbizwa asubuhi ya sikukuu na watoto sita. Yeye Tingatinga alitazama. Wanaonakili humtazama Tingatinga. Mkataa kwao ni mtumwa, wasema wahenga. Na anayeiga kwao bila kupatazama hajaepukana na utumwa huo, amebadili bwana tu.

Kuna pingamizi lingine, nalo ni zito zaidi. Husemwa kwamba Krismasi yenyewe ilikuja kwa jahazi na meli, kwamba wamisionari wa Masasi walifika mwaka 1876, na Wabenediktini wa Peramiho mwaka 1898, na wa Ndanda mwaka 1906, na kwamba sikukuu ya kigeni haina budi kuvaa nguo za kigeni. Hoja hii huanguka mara ichunguzwapo historia ya sikukuu yenyewe, kwa maana hakuna pambo lake hata moja lililozaliwa kwa kuiga. Pango la Noeli lenye hori na majani makavu lilitengenezwa na Fransisko wa Asizi katika kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223. Alitumia alichokiona mbele yake: majani makavu, ng'ombe na punda wa wanakijiji. Huko Bethlehemu kwenyewe mafundi huchonga kwa mti wa mzeituni, kwa kuwa ndio mti wao, na aghalabu hutumia matawi yanayopogolewa ili mti usife. Hata kadi ya Krismasi, ile ya kwanza kuchapishwa kwa kuuzwa, iliyotolewa Uingereza mwaka 1843 kwa shauri la Henry Cole na mkono wa mchoraji John Callcott Horsley, haikuwa na theluji. Ilikuwa na jamaa ya watu wazima na watoto wamekaa mezani wanakunywa, na pembeni maskini wakilishwa na kuvishwa. Wale Waingereza walichora walichokuwa wakikifanya.

Lakini mfano uwafaao zaidi watu wa kusini ni wa Seiffen, kijiji cha milima ya Saxony katika Ujerumani. Watu wa huko walikuwa wachimba bati. Bati lilipopungua wakashika mbao za misitu yao, wakawa wakereza vinyago na vitu vya kuchezea watoto, na kazi yao ya Krismasi ikajulikana dunia nzima. Walikereza nini? Mchimba madini. Mtu wa mbao aliyevaa sare ya kazi yake, ameshika mshumaa katika kila mkono, awekwe dirishani wakati wa majira ya giza. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi bila kuona jua aliijua thamani ya mshumaa kuliko mtu mwingine yeyote. Hakuhitaji kuambiwa na kitabu nini kiwe pambo la sikukuu ya nuru. Njaa yake ya mwanga ilimwambia. Sasa iulizwe: mkulima wa korosho, ambaye mwezi wa Desemba amebeba gunia lake ghalani, akasubiri mnada, akasubiri malipo, akarudi nyumbani na kitambaa cha mkewe mkononi, yeye hana umbo la kuchongwa? Yule mwanamke akaaye kwa moshi akibangua korosho mpaka vidole vinababuka kwa mafuta ya maganda yake, huyo hawezi kushika mshumaa?

Tena mfano wa karibu upo, wala si wa Ulaya. Jirani hapo Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alisimamia mafundisho ya jando yaliyopewa sura ya Kikristo, kwa kuona kwamba mtoto wa Kikristo bado ni mtoto wa watu wake. Waliokuwapo walibishana sana juu ya jambo hilo, na wanaosoma habari zake wangali wanabishana. Ikiwa jando, jambo la siri na la damu, liliweza kujadiliwa na kanisa na kupewa mahali, ni ajabu kubwa kwamba kadi ya karatasi na pambo la dirishani havijapewa mahali mpaka leo.

Basi vitu vilivyopo ni vipi? Si vichache, wala havihitaji kutafutwa mbali. Uko udongo wa mabondeni, na katika nchi za kusini wako bado wanawake wajuao kuufinyanga kwa mkono bila gurudumu. Uko ukindu wa kusukia. Iko mianzi ya nyungo na matenga. Iko nta ambayo mrina asali huibakiza, na mshumaa wa nta ulioganda ndani ya kipande cha mwanzi hunuka vizuri kuliko mshumaa wowote wa dukani. Viko vibuyu, ziko mbegu za porini za rangi nyekundu na nyeusi. Iko korosho yenyewe, ambayo huondoka ndani ya magunia kwenda kubanguliwa ng'ambo ilhali ni zawadi ambayo mtu wa Dar es Salaam huilipia bei kubwa ndani ya pakiti ndogo. Korosho za kukaangwa nyumbani, zikitiwa katika kifuko cha ukindu chenye kifuniko, ni zawadi ambayo hakuna aipokeaye akauliza imetoka nchi gani.

Juu ya mpingo yafaa kusemwa kwa uangalifu. Mti huu hukua polepole mno. Huhitaji zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa vema, na watengenezaji wa zumari na klarineti za Ulaya huugombania. Kumwambia kila kijana aingie msituni na shoka ili achonge zawadi ni kumwambia aibe urithi wa wajukuu wake, mbali na kuvunja sheria ya misitu idaiyo kibali. Lakini penye magogo yaliyovunwa kwa kibali hubaki vipande, na kipande cha urefu wa kiganja chatosha kinara cha mshumaa. Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma wameuonyesha ulimwengu kwamba katika mti mmoja yaweza kusimama jamaa nzima, mtu juu ya mtu, kila mmoja amemshika mwenziwe. Yusufu, Mariamu na mtoto ni watu watatu tu. Haihitajiki gogo.

Na katika vitu vyote hivyo kiko kimoja ambacho ndicho zawadi ya Krismasi yenyewe katika nchi ya Tunduru, ingawa hakuna anayekihesabu. Tunduru ni nchi ya Waislamu wengi na Wakristo wachache kuliko wao. Siku ya Krismasi sahani za wali na kuku hutoka nyumba za Wakristo kwenda kwa majirani. Siku ya Idi hurudi zimejaa. Huo ndio utoaji wa zawadi uliopo, wa kweli, usiofundishwa na mtu. Na sahani hiyo tangu zamani katika nchi za Waswahili hufunikwa kwa kawa, kifuniko kile cha kusukwa kwa ukindu wa rangi, chenye kilele kama paa la msonge. Sahani iliyofunikwa, kilichomo kimesitirika. Kawa husitiri kidogo na kingi sawasawa. Mwenye kuku mzima na mwenye vipapatio huvuka uwanja kwa heshima moja. Leo sahani nyingi huvuka zikiwa zimefunikwa kwa beseni la plastiki au kwa sahani nyingine, na wasukaji wa kawa huzeeka bila mwanafunzi. Mtafuta ilhamu amempita bibi huyo barazani pake, akaenda kuuliza picha za Ujerumani. Laiti angeketi hapo saa moja! Angejifunza namna ya kuanzia kilele, namna ya kuzungusha ukili, namna ya kupata zambarau na kijani, na nani katika kijiji alisukiwa kawa ya harusi yake na mama yake. Kawa ndogo ya kufunika kikombe kimoja, akipewa mke wa jirani siku ya Krismasi, ingekuwa imerudisha mwanafunzi kwa bibi, na adabu kwa sahani.

Watasema wengine kwamba zawadi ya mkono ni ya maskini, na kwamba mtoto wa leo ataidharau. Mkono mtupu haulambwi, husema, na mkono wenye kawa ni kama mtupu. Hao waende wakatazame maduka ya vinyago ya Mwenge, Dar es Salaam, wamwone mtu mwenye fedha kuliko wao, aliyevuka bahari kwa ndege, akiinama kupekua kitu kilichofanywa kwa mkono, akikataa cha mashine. Anayekiona cha mkono kuwa cha maskini ni yule tu ambaye mkono huo ni wa jirani yake. Na mtoto hudharau anachofundishwa kudharau. Mtoto aliyemwona baba yake akimchongea gari la mabua, lenye magurudumu na usukani, hulikimbiza mpaka likavunjika, akaomba jingine; gari la plastiki nalo huvunjika, lakini hapana mtu wa kuombwa jingine.

Wala isidhaniwe kwamba shauri hili ni la urembo tu. Sikukuu ni soko. Kwa msukaji, kwa mfinyanzi, kwa mchonga kinara, Desemba katika nchi ya korosho ni mwezi ambao jirani zake wana fedha na wana sababu ya kuzitumia. Mwezi huo ukipita na fedha zote zimepanda lori kurudi zilikotoka maboksi, hakuna mwezi mwingine utakaomlipa. Mwaka wa kwanza huvumilia. Mwaka wa tatu huacha kusuka, akalima tu kama wengine. Na mwaka anapokufa hakuna wa kuulizwa. Baada ya hapo waje wataalamu na semina za kuwafundisha wanawake wa Tunduru kusuka, kwa vielelezo vilivyotoka nchi nyingine.

Na yule mwalimu, au mama wa kikundi, aliyekwisha kukubali hayo yote, akaamka siku ya Desemba mosi kutafuta zawadi za kutengeneza, atakuta amechelewa. Ukindu hukatwa na kuanikwa wakati wa jua, kabla ya mawingu. Ukikatwa katika mvua huoza na kuingia kuvu. Chungu hukaushwa kivulini siku nyingi kabla ya kuchomwa, na kuni za kuchomea zatakiwa ziwe kavu. Kipande cha mpingo kilicho kibichi hupasuka mara kinapochongwa kisha kuwekwa juani. Msukaji, mfinyanzi na mchongaji yapasa waendewe mwezi wa Agosti, au Septemba kwa kuchelewa sana, wakati mikorosho inatoa maua na hakuna anayefikiri Krismasi. Waambiwe idadi, waulizwe bei, wapewe malipo ya kwanza, na wakabidhiwe mtoto mmoja wa kukaa nao na kutazama.